Mama mkwe anasema ni ibada, mwalimu anasema ni mazoezi tu: yoga ni nini hasa?

Swali: "Assalaam alaykum mtaalamu. Nina miaka 46, nafanya kazi benki hapa Tanga, nashinda kwenye kiti tangu asubuhi mpaka jioni. Mgongo wa chini unaniuma tangu mwaka jana. Nilipiga picha, daktari akasema pingili haziko vibaya kwa umri wangu, nipunguze uzito (nina kilo 91) na nifanye mazoezi. Nina presha pia, natumia dawa. Mwenzangu wa kazini akanipeleka kwenye darasa la yoga. Tulijinyoosha, tukavuta pumzi, na mwisho mwalimu akakutanisha viganja akasema 'namaste', wengine wakaitikia 'Om' kwa sauti ndefu. Kusema kweli nilitoka mwepesi, na usiku ule nililala vizuri. Lakini mama mkwe aliposikia alikasirika: eti nimekwenda kuabudu miungu ya Kihindi, na mtu akiiacha akili yake tupu vile mashetani huingia. Mwalimu nilipomuuliza alicheka, akasema ni mazoezi tu, hayahusiani na dini yoyote, yana miaka 5000, yanasafisha sumu kwenye ini, na nikivumilia miezi 3 nitaachana na dawa za presha. Sasa sijui nimwamini nani. Na nikitazama picha za mitandaoni naona wasichana wembamba wamejikunja mpaka basi. Mimi hata vidole vya miguu sivifikii. Yoga ni nini hasa, na inamfaa mtu kama mimi?"

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Kabla ya yote, usiache dawa za presha. Kama umeshaanza kuruka vidonge kwa ajili ya maneno ya mwalimu, rudi kwenye dozi uliyoandikiwa leo hii, na wiki hii nenda kapime. Presha haina adabu ya kubisha hodi: mtu anajisikia mwepesi, analala vizuri, kumbe kipimo kinasoma 170 kwa 100. Ni kweli kwamba watu wanaofanya yoga mara kwa mara wengine hushuka presha kidogo, kama wanavyoshuka wanaotembea kwa miguu au wanaopunguza chumvi. Lakini "kidogo" hiyo huongezea kazi ya dawa, haichukui nafasi yake. Vidonge hupunguzwa na daktari aliyeona vipimo vyako vya wiki kadhaa. Mwalimu wa mazoezi, hata awe hodari namna gani, hana mamlaka hayo, na aliyekuahidi miezi 3 amekuahidi kitu asichokimiliki.

Hilo likishaeleweka, tuje kwenye mvutano wa nyumbani. Umeuliza umwamini nani. Mimi naona mama mkwe yuko karibu zaidi na historia kuliko mwalimu, na mwalimu yuko karibu zaidi na kilichotokea chumbani jioni ile kuliko mama mkwe. Wote wawili wamepotea walipofika kwenye hitimisho.

Tuanze na historia, maana hapo ndipo mwalimu wako amekuficha mambo, au pengine naye hakufundishwa. Yoga ilizaliwa India, ndani ya watu wa dini. Wahindu, Mabudha na Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya kale ya huko) wote wana mapokeo yao ya kutafakari na kujinyima yanayoingiliana nayo. Katika Katha Upanishad, maandishi ya Kihindi ya kabla ya Kristo, yoga inaelezwa kuwa ni kuzishika hisi zisiyumbe. Katika Bhagavad Gita, maandiko mengine matakatifu ya Wahindu, Krishna, mmoja wa miungu yao, anazungumza na shujaa Arjuna katikati ya uwanja wa vita, na anachokiita yoga ni mtu kutimiza wajibu wake bila kung'ang'ania matunda, apate au akose moyo wake ubaki sawa. Humo hakuna anayejinyoosha. Mkao unaoelezwa ni mmoja tu, wa kukaa kitako huku mwili, shingo na kichwa vimenyooka, ili mtu atafakari.

Halafu kuna Yogasutra, inayohusishwa na mwenye hekima wa India aitwaye Patanjali, ambayo wasomi wengi huiweka katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Ni kauli fupi fupi zisizofika 200. Mwanzoni kabisa inatamka lengo: kutuliza misukosuko ya akili. Kisha inapanga njia ya viungo 8. Cha kwanza ni mwenendo na watu: usidhuru, usiseme uongo, usiibe, zuia matamanio, usijilimbikizie. Cha pili ni mwenendo wako na nafsi yako: usafi, kuridhika, kujitia nidhamu, kusoma, kujisalimisha kwa Bwana. Mkao wa mwili ni wa tatu, pumzi ya nne, na baada ya hapo zinakuja hatua za ndani zaidi, kurudisha hisi kutoka nje, kuelekeza akili mahali pamoja, kutafakari, na ule utulivu wa mwisho wanaouita samadhi. Katika kauli zote zile, zinazohusu mkao moja kwa moja ni 3 tu, na sharti lake ni kwamba uwe thabiti na uwe wa raha. Basi. Hakuna neno juu ya kugusa vidole vya miguu.

Kwa hiyo picha unazoziona mitandaoni zimechukua kiungo kimoja kati ya 8 na kukivika jina la mwili mzima. Nikupe mfano utakaouelewa haraka. Fikiria mgeni aliyesimama nje ya msikiti, akaona watu wanatia udhu, akapendezwa na namna wanavyoosha nyuso na miguu. Akarudi kwao, akafungua mahali pa kufundisha kuosha viungo kwa utaratibu ule ule, akatangaza kwamba huo ndio Uislamu. Wanafunzi wake watakuwa wasafi kweli. Lakini hawajaswali, na wala hawajui kwamba kuna swala. Na wewe unajua zaidi kwamba maji yale yale, bila nia, ni kunawa tu.

Tutairudia hiyo nia. Kwanza nimalizie habari ya umri, kwa sababu "miaka 5000" inasemwa kila mahali. Msingi wake mkubwa ni muhuri mdogo uliofukuliwa Mohenjo-daro, kwenye Bonde la Indus, wenye umbo la kiumbe aliyekaa miguu imekunjwa. Maandishi ya watu wale hayajasomeka mpaka leo, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa yakini kiumbe yule ni nani na anafanya nini. Mafundisho ya kutafakari yana zaidi ya miaka 2000, hilo halina ubishi. Mikao mingi ya darasani ni jambo jingine. Kitabu maarufu cha hatha yoga, yaani tawi la yoga linaloshughulika na mwili na pumzi, ni Hatha Yoga Pradipika; kiliandikwa na Svatmarama karne ya 15, nacho kinaeleza mikao 15 tu, mingi ya kukaa. Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alipokwenda Chicago mwaka 1893 na kuifanya Marekani iijue falsafa ya Kihindi, yoga aliyoifundisha ilikuwa ya akili. Mazoezi ya kujipinda hakuyathamini hata kidogo.

Darasa la aina uliyohudhuria limezaliwa zaidi katika karne ya 20. Miaka ya 1920 mtawala wa Aundh, jimbo dogo magharibi mwa India, alikuwa akihimiza ule mfululizo wa kuinama na kuinuka unaoitwa kusalimia jua kuwa mazoezi ya afya kwa raia wake. Miaka ya 1930, kwenye kasri la Mysore, kusini mwa India, mwalimu aliyeitwa Krishnamacharya alifundisha vijana chini ya ufadhili wa Maharaja, mtawala wa huko, akiunganisha mikao na pumzi katika mwendo mmoja. Wasomi wanabishana ni kiasi gani kilitoka kwenye mapokeo ya zamani na kiasi gani kilitoka kwenye mieleka ya Kihindi, gwaride na jimnastiki za Ulaya zilizokuwa zimeenea mashule wakati ule. Kwamba vilichanganyika, wachache wanakataa. Wanafunzi wake watatu, B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois na Indra Devi, ndio waliotawanya mtindo huo duniani; Indra Devi, mwanamke mzaliwa wa Riga, alifungua darasa Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940. Maana yake, dada yangu, sehemu kubwa ya ulichofanya jioni ile ni changa kuliko reli yenu ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911.

Sasa swali la mama mkwe. Mimi ni mtu wa viungo na pumzi, si shehe, na sitakutolea fatwa. Naweza kukueleza kwamba swali lake si geni. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa aliyefariki karne ya 11, aliifasiri Yogasutra kwa Kiarabu, kwa sababu alitaka Waislamu wajue Wahindu wanaamini nini hasa badala ya kukisia. Karne ya 16, huko Gwalior, India, sufi Muhammad Ghawth aliandika kwa Kiajemi kitabu kinachoeleza mazoezi ya pumzi na mikao ya mayogi, yaani watu wanaoifuata yoga. Karibu na zama zetu, Baraza la Fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwazuia Waislamu kufanya yoga yenye kuunganisha mazoezi na nyimbo takatifu na ibada ya Kihindu. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilipita karibu na hapo, likakataza yenye ibada lakini likaacha mlango kwa iliyo mazoezi ya mwili matupu. Saudi Arabia mwaka 2017 ikaitambua yoga kuwa shughuli ya michezo. Wakristo nao walilijadili; barua ya Vatican ya mwaka 1989 kuhusu namna za kusali ilitahadharisha kwamba mbinu za mwili zinaweza kumfanya mtu auabudu mwili wake mwenyewe, lakini haikuzipiga marufuku mbinu zenyewe. Ukiangalia, wote hao wanatenganisha harakati za mwili na yale yanayoambatanishwa nazo.

Na hapo ndipo ile nia inaporudi, na ndipo unapoweza kupima darasa lako mwenyewe. Kulala chali ukakunja magoti, kunyoosha mkono, kutoa pumzi taratibu: haya ni ya kila mwenye mapafu na mifupa. "Om" si hivyo. Kwa Wahindu ni sauti takatifu, inafungua sala na maandiko. Walimu wengine husema ni mtetemo tu wa kutuliza neva. Mimi silipendi jibu hilo, kwa sababu linamdharau Mhindu anayeitamka kwa ibada mjini hapo Tanga au hekaluni Kisutu, Dar es Salaam, na linakudanganya na wewe. Kama haiendani na imani yako, nyamaza ikitamkwa. Kimya hakiharibu zoezi. Vivyo hivyo nyimbo zenye majina ya miungu, kuinamia picha au sanamu, au kupewa neno la siri la kurudiarudia. "Namaste" ni nyepesi zaidi. Huko India watu husalimiana hivyo madukani na barabarani, ingawa madarasa ya Magharibi yameipamba kwa maana nzito. Unaweza kujibu "asante mwalimu" na dunia ikaendelea.

Kusalimia jua kunahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa jina linajieleza. Wapo wanaofanya mfululizo huo wakitaja majina 12 ya jua kwa heshima ya kidini, na wapo wanaoufanya kama kuruka kamba. Ukiona kunakutia shaka, kuache. Hakuna msuli unaohitaji mfululizo huo usioweza kuupata kwa zoezi jingine.

Kuhusu akili tupu na mashetani, mama mkwe amesikia jambo lililopindishwa njiani. Mapokeo ya yoga hayafundishi kuiacha akili tupu. Kile kiungo cha sita kinafundisha kuifunga akili kwenye kitu kimoja isizurure, kama pumzi inayoingia na kutoka. Anayejaribu kweli atakuambia kwamba akili haikubali kuwa tupu hata dakika moja. Itakwenda kwenye hesabu za benki, kwenye mboga, kwenye maneno ya wifi, na kazi yako ni kuirudisha tu, tena na tena. Ila kuna onyo la kweli ambalo walimu hawalisemi. Mtu aliyepitia ukatili au msiba mzito, au mwenye hofu kali, anaweza kukaa kimya macho yamefungwa yakamfumkia mambo asiyoyaweza. Huyo asilazimishwe. Afumbue macho, atembee, na akiona inajirudia amwone mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa hiyo mwalimu aliposema "haihusiani na dini yoyote" alikosea juu ya asili yake. Mama mkwe aliposema umeabudu, alikosea juu yako. Unaweza kuchukua kiungo cha mwili na cha pumzi ukijua vimetoka wapi na ukijua unaacha nini. Kinachoniudhi mimi ni kuchukua bila kujua.

Tugeukie mgongo. Mtu anayeshinda kwenye kiti kutwa hupoteza nguvu za makalio na tumbo la chini, nyama za mbele ya nyonga zinafupika, na mgongo wa chini unabeba kazi za wengine. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Maumivu yaliyopita miezi 3 huwa si ripoti sahihi ya jeraha. Neva na ubongo zimezoea kupiga kengele, zinapiga hata kwa kuinama kuokota kalamu. Mtu anaogopa, anakaza mwili, anapumua juu juu, anaacha kutembea, na kila anapoacha, mwili unadhoofika na kengele inazidi. Kutikisa mgongo taratibu, ndani ya kiasi kisichotisha, huku pumzi imetulia, kunaufundisha ubongo upya kwamba kuinama si hatari. Ndiyo maana ulilala vizuri usiku ule. Mgongo haukupona kwa saa moja, ila kengele ilishushwa sauti.

Pumzi ina njia yake inayoeleweka. Unapovuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, unapoitoa hupunguza, kwa sababu neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo kwenda moyoni huukanyagia breki zaidi wakati wa kutoa. Mtu mzima akiwa ametulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukiishusha hadi kama 6, na kutoa kukawa kurefu kuliko kuvuta, unaipa breki ile nafasi zaidi. Hakuna cha ajabu hapo, na hakuna haja ya kubana pumzi. Kwako wewe kubana pumzi ni marufuku, kwani kunaweza kupandisha presha papo hapo.

Je, yoga ni bora kuliko mazoezi mengine kwa mgongo? Hapana. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kiliitaja yoga miongoni mwa mambo ya kuanza nayo kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini kabla ya dawa, pamoja na mazoezi ya kawaida na mengineyo. Mapitio ya tafiti yanaonyesha nafuu ndogo hadi ya wastani ukilinganisha na kutofanya chochote, na hakuna tofauti ya maana ukilinganisha na mazoezi mengine ya mgongo. Wachache huzidi kuumwa. Kwa hiyo kama nafsi yako haitulii na darasa lile, tembea Raskazone kila jioni, fanya mazoezi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na hujapoteza kitu. Zoezi utakalolifanya mwaka mzima ndilo lenye faida.

Habari ya kusafisha sumu kwenye ini niipitie haraka: si kweli. Ini na figo husafisha damu usiku na mchana, na kujipinda kiuno hakukamui kitu humo. Jasho ni maji na chumvi. Anayekuuzia darasa la chumba chenye joto kali kwa sababu hiyo mwambie Tanga ina joto la kutosha bila kulipia.

Na wale wasichana wa mitandaoni? Wengi wana viungo vilivyolegea kwa maumbile, au walicheza jimnastiki tangu utotoni. Tundu la nyonga limechongwa tofauti kwa kila mtu. Wengine kina chake na mwelekeo wake haviruhusu miguu kukunjwa ule mkunjo wa unyayo juu ya paja, hata wangefanya miaka 20. Wakilazimisha, nyonga inagoma na goti ndilo linalolipa. Sijui hata nani aliamua kwamba kugusa vidole vya miguu ni kipimo cha afya. Iyengar niliyemtaja alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, na baadaye akasifika kwa kutumia viti, mikanda na matofali ya mbao ili mtu yeyote apate mkao bila kujiumiza. Kilo 91 hazikuzuii chochote kati ya nitakayokuelekeza.

Ningekuwa nakuona ana kwa ana ningeanza hivi. Lala chali kwenye mkeka, nyayo chini, magoti juu, mkono mmoja tumboni, pumua dakika 3 kama nilivyoeleza. Ukiwa hapo hapo, inua makalio polepole ukitoa pumzi, yashushe ukivuta, mara 8. Geuka, shika chini kwa viganja na magoti, upinde mgongo juu kama paka aliyeamka, kisha uulegeze, bila kukimbilia. Magoti yakiuma weka khanga iliyokunjwa chini yake. Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani usawa wa kifua, rudi nyuma hatua mbili, sukuma makalio nyuma mpaka uhisi mgongo unarefuka. Huku ndiko kuinama kwako kwa sasa, na kichwa hakishuki chini ya moyo. Malizia kwa kulala chali vigimbi vya miguu vikiwa juu ya kiti. Dakika 15, siku 4 kwa wiki, zinakutosha. Na ofisini inuka kila nusu saa, hata kama foleni ya wateja inakutazama.

Yako mambo ya kukataa hata mwalimu akikusifia vipi. Kusimama kwa kichwa au kwa mabega usifanye, kwa ajili ya presha na kwa ajili ya shingo. Mikao ya kichwa chini hupandisha pia presha ya ndani ya macho, na mwenye glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya macho, anaweza kuumia kabisa. Pumzi za haraka haraka za kusukuma tumbo, hapana. Kujipinda kiuno kwa nguvu au kusukumwa na mwalimu mgongoni, hapana. Dawa za presha huweza kuleta kizunguzungu ukiinuka ghafla, kwa hiyo kila unapotoka chini pitia ubavuni, kaa kidogo, ndipo usimame.

Kuhusu huyo mwalimu, muulize amesomea wapi na muda gani. Cheti kinachojulikana zaidi duniani ni cha saa 200, nacho watu hukimaliza hata kwa mwezi mmoja. Si kibaya, ila hakimfanyi mtu kuwa tabibu. Mwandikie kabla ya darasa lijalo: una presha, unatumia dawa, mgongo unauma, hutaki kushikwa bila kuulizwa, na hutaitikia nyimbo. Jibu lake litakuonyesha kama ubaki.

Mama mkwe naye usimfiche. Mwambie amesema kweli kwamba asili ni ya Kihindi, mweleze unachofanya na usichofanya, mwonyeshe yale mazoezi ya ukutani. Kama bado kuna shaka, nendeni wote kwa shehe mnayemwamini, na umweleze kwa undani kilichofanyika, maana ukimuuliza "yoga inafaa?" bila maelezo atajibu kile alichowahi kukisikia.

Mwisho, ziko dalili ambazo mkeka hauzihusu. Ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, mguu kuishiwa nguvu: hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Maumivu yanayokuamsha usiku, homa za jioni, kutoka jasho usiku, kupungua uzito bila kutaka: onana na daktari wiki hiyo, kwa sababu kifua kikuu hushika pia uti wa mgongo, na kwetu si ugonjwa wa kuusahau. Maumivu yanayoshuka mguuni kupita goti, au yaliyoanza baada ya kuanguka, yaangaliwe kabla hujaendelea. Kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu, au kifua kubana ni mambo ya dharura.

Bila hayo, jipe wiki 8. Andika kwenye daftari presha yako ya asubuhi mara 3 kwa wiki, na jioni andika mgongo uliuma kiasi gani kati ya 0 na 10. Ukiona hakuna nafuu, nenda kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya mkoa na daftari hilo mkononi.